Gari, Mchanga na Maji ya Bamvua: Mafunzo ya Mwanzo kwa Madereva wa Nyali

Katika barabara za Nyali, tangu darajani mpaka Links na Mkomani, hupita kila siku magari mengi ambayo magurudumu yake yote manne yaweza kupokea nguvu ya injini kwa wakati mmoja, magari ambayo watu wetu huyaita fobaifo, na ambayo baadhi yake, kama Land Cruiser za kazi, huunganishwa papa hapa Mombasa katika kiwanda kilichoko Miritini. Lakini aghalabu ya magari hayo hukaa juu ya lami umri wake wote, ile gia ya pili iliyowekwa kando ya gia kubwa isiguswe, na mwenyewe asijue ilikusudiwa kazi gani. Kisha hufika siku ya mapumziko, mtu akaiona pwani nyeupe imetandazwa mbele yake, akakata shauri kwamba gari lililoundwa kwa nchi ngumu haliwezi kushindwa na mchanga, akaingia kwa haraka na matairi yaliyojaa upepo wa barabarani. Na haupiti muda mrefu ila gari limetitia mpaka ekseli, magurudumu yanazunguka pahala pamoja, na bahari imeanza kurudi.

Nawaandikia watu hao kwa nia njema, kwa sababu fani ya kuendesha gari juu ya mchanga ni fani nzuri, yenye manufaa kwa kila aishiye mwambao, wala si siri ya mabingwa wa mashindano kama Rhino Charge, ambayo tangu mwaka 1989 yamekuwa yakichangisha fedha za kuuhifadhi msitu wa Aberdare. Ni elimu ambayo mtu yeyote mwenye leseni, utulivu wa moyo na asubuhi mbili tatu za wasaa aweza kuipata. Lakini elimu hiyo ina mpango wake, na mpango huo watu huupindua juu chini. Huanza kwa kuulizana habari za gari: injini ni ya kiasi gani, tairi ni za aina gani, gia ni ngapi. Mimi naona kwamba gari ni la mwisho katika mambo yapasayo kujulikana, na kwamba bahari hutangulia, mchanga ukafuata, kisha upepo ulio ndani ya tairi. Na mwenye kuyajua hayo matatu aweza kupita kwa gari kuukuu lisilo na pambo pahala ambapo gari la mamilioni ya shilingi limeshindwa.

Tuanze basi na bahari. Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na baina ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi kutimia, huja bamvua, ambapo tofauti ya kimo baina ya maji makavu na maji makuu yaweza kupita mita tatu na nusu. Na mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Halmashauri ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji ya Kilindini, na kila dereva apaswa kulitazama. Lakini hata bila ya jedwali, iko kanuni moja ya hapa kwetu ambayo mtu akiihifadhi haitamtupa: katika siku za bamvua bahari ya Mombasa hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku, ilhali katika siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa saa nne na kupwa saa kumi. Basi mtu aijuaye tarehe ya mwezi mwandamo, kwa ajili ya saumu au kwa ajili ya uvuvi, tayari anayo nusu ya jedwali kichwani mwake, na akiona ufuo umekuwa mpana mno saa nne ya asubuhi, atatambua kwamba upana huo ni wa kuazima na kwamba kabla ya sala ya alasiri maji yatakuwa yamegonga kuta za nyumba.

Wala maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu ya kale, nyepesi kukumbuka, ya kukigawa kimo chote cha maji mafungu 12: katika saa ya kwanza ya kujaa hupanda fungu moja, katika saa ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Tukichukua bamvua ya mita 3 na sentimita 60, kila fungu ni sentimita 30, na kwa hiyo katika saa ya tatu pekee maji hupanda sentimita 90, na katika saa ya nne hupanda sentimita 90 nyingine. Pahala penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, sentimita 90 za kimo ni mita 18 za ufuo zilizofunikwa katika saa moja, na saa moja ndiyo kadiri ya muda ambao watu wasio na mazoea huhitaji ili kulichimbua gari lililonasa. Dereva aliyekwama maji yakiwa yametulia chini, akapoteza saa ya kwanza katika kukanyaga mafuta na ya pili katika kutafuta kamba, hukutwa na zile saa mbili kali akiwa hajaanza kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo shurti la kwanza la mwanafunzi ni kuingia maji yakiwa bado yanashuka, saa mbili hivi kabla ya ukomo wa kupwa, na kuwa ameondoka kabisa maji yanapopindua. Asidanganyike na utulivu wa ile saa ya kwanza.

Mchanga nao una nasaba yake, na nasaba hiyo ndiyo ifanyayo ufuo mmoja uwe mgumu na mwingine uwe mwororo. Mchanga mweupe wa Nyali haukuletwa na mto. Ni mabaki ya bahari yenyewe, yaani matumbawe, makombe na mimea ya majini yenye chokaa, yaliyovunjwa na mawimbi na kusagwa na samaki kama pono, ambaye huguguna mwamba kwa meno yake na kuutoa ukiwa unga. Chembe zake ni nyepesi na zina pembe. Ukienda Malindi na Mambrui utaona mchanga wa rangi ya kahawia, uliobebwa na mto Sabaki kutoka bara, mwingi kiasi cha kuwa umeupanua ufuo wa Malindi kwa macho ya watu walio hai hivi leo. Na nyuma ya pwani, tangu upande wa Kwale mpaka ng'ambo ya Malindi, umelala mchanga mwekundu ambao wataalamu wa miamba wameupa jina la Magarini, ambao wakati wa kiangazi hulegea njiani ukawa mzito wa kupita kushinda pwani yoyote.

Ufuo wenyewe, uwe wa mchanga gani, una mikanda mitatu ambayo mwanafunzi yapasa aitambue kwa miguu kabla ya kuikanyaga kwa gari. Mkanda wa juu, palipo na mivinje na majani ya bahari yaliyokauka, ni mchanga mkavu ambao haufikiwi na maji ila kwa nadra, na chembe zake hazishikani, hivyo gurudumu huzisukuma kando na kushuka. Mkanda wa chini, ung'aao kwa maji mbele ya mawimbi, nao ni wa hatari, kwa kuwa maji yaliyojaa baina ya chembe huzitenga, na gari lililosimama hapo hujichimbia kaburi lake kwa kila wimbi lipitalo chini yake. Baina ya hiyo miwili uko mkanda wa kati, uliokuwa chini ya bahari saa chache zilizopita na ambao sasa umebakiwa na unyevu kidogo tu. Unyevu huo huzivuta chembe zikashikamana, na hapo ndipo pahala pa dereva. Ajaribu kwa kisigino: kikiacha alama nyepesi, hapo patamchukua, kikizama kama kwamba kimekanyaga unga, asipite bila ya maandalizi. Tena ayatazame malundo ya mwani, kwa maana chini yake mchanga huoza ukawa tope, na ayatafute majabali yaliyofunikwa na mchanga mwembamba, ambayo ni mengi katika pwani yetu ya matumbawe na ambayo huchana ubavu wa tairi.

Nimesema ufuo wa Nyali ujifunzwe kwa miguu, na sina budi kueleza kwa nini natamani wenye magari wakome hapo. Bahari iliyo mbele yetu, tangu upande huu mpaka hori ya Mtwapa, imo katika mbuga na hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Katika pwani hii ya Kenya kasa hupanda usiku mpaka juu ya mstari wa maji makuu, akachimba kwa mapezi yake katika ule mkanda mkavu wa mchanga, akataga mayai yapatayo 100 na zaidi katika shimo moja, akayafukia na kurudi baharini. Na mayai hayo hukaa chini muda wa miezi miwili hivi, bila ya alama yoyote ambayo dereva aweza kuiona. Gurudumu likipita juu yake hushindilia mchanga mpaka watoto washindwe kutoka. Na hata wakitoka, wakashika njia ya kuelekea kwenye mwangaza wa upeo wa bahari, mfuo wa tairi ambao kwetu sisi si kitu, kwa mnyama wa sentimita tano ni handaki lenye kuta, asiloweza kulipanda, akalifuata kwa urefu wake usiku mzima mpaka nguvu zikamwishia, na kulipokucha kunguru wakamwona. Kasa amehifadhiwa kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, lakini sheria haiwezi kumtambua mtu aliyemwua kasa asiyemwona. Dhamana hiyo ni ya dereva peke yake.

Iko hoja nyingine, nayo ni ya haki za watu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeiweka ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma, na kwa hukumu hiyo hakuna tajiri awezaye kujenga ukuta akasema ufuo ni wake. Nafurahi kwa hukumu hiyo. Lakini haki hiyo hiyo humkataza mwenye gari kuwatawanya wengine, maana ufuo wa Nyali, hasa Jumamosi na Jumapili, ni uwanja wa watoto wachezao mpira, wa mabibi wanaotembea na wajukuu zao, wa wauza madafu na vinyago, wa wavuvi na mitego yao, na wa wenye ngamia wanaowapandisha wageni. Na gari lenye uzito wa tani mbili, hata likienda polepole, lawalazimisha wote hao kulitazama. Afrika ya Kusini, nchi ambayo watu wake walizoea sana kuendesha magari pwani, ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2002 ila kwa kibali, na ndege watagao mchangani wakapata nafuu. Sisemi kwamba Kenya yapasa kuiga kila neno la amri hiyo. Nasema kwamba mtu wa Nyali mwenye mapenzi na Nyali ataliacha gari lake juu, kwenye kivuli, akashuka kwa miguu kujifunza maji na mchanga, kisha akaenda kufanyia mazoezi ya usukani kwingine.

Na kwingine kupo. Njia za mchanga mwekundu nyuma ya Kilifi na Malindi ni madarasa yaliyo wazi, yenye mchanga mzito na hatari ndogo, wala hakuna bahari ya kumharakisha mwanafunzi. Na mimi ningependa kila mtu aanzie huko, ajifunze kukwama na kujikwamua pahala ambapo muda si adui. Akishaiva, yako mashamba ya watu binafsi yaliyo kando ya bahari, na ziko njia za mchanga mweupe kaskazini ya Mambrui, kuelekea Ngomeni, pale ambapo Wataliano walirusha setilaiti zao kutoka majini kuanzia mwaka 1967. Huko mchanga ni mpana na watu ni haba. Hata hivyo ardhi hiyo ina wenyewe, na kasa hupanda huko pia, kwa hiyo mgeni na aanze kwa kupiga hodi: awaulize wenyeji na kamati za wavuvi zinazosimamia ufuo, na palipo hifadhi awaulize wa Shirika la Wanyamapori, wakimkatalia, ageuke. Wakimruhusu, na ashikamane na mkanda wa kati, mchana kweupe, asipande kabisa kwenye mchanga mkavu ila kwa njia iliyokwisha kuwapo.

Sasa tuje kwenye upepo wa tairi, ambao kwangu mimi ndio ufunguo wa elimu yote, na ambao watu wengi huudharau kwa kuwa hauna bei. Uzito wa gari huchukuliwa na upepo ulio ndani ya matairi, na upepo huo huugawa uzito juu ya ile sehemu ya mpira inayogusa ardhi. Gari la kilo 2,000 lenye matairi ya pauni 35 kwa kila inchi ya mraba hugusa ardhi kwa jumla ya sentimita za mraba 800 hivi, yaani 200 kwa kila gurudumu. Lishushe mpaka pauni 16, na kila gurudumu hugusa kwa sentimita za mraba 440 au zaidi kidogo. Uzito ni ule ule, lakini ardhi iuchukuayo imekuwa zaidi ya maradufu. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tairi halitanuki sana kwa upana. Hurefuka, likaacha alama ndefu mchangani, na kwa hivyo halihitaji tena kupanda kilima cha mchanga ambacho tairi gumu hujitengenezea mbele yake kila linapozunguka. Mtazame ngamia wa pwani ya Nyali akikanyaga: unyayo wake hupanuka anapouwekea uzito, na huacha alama pana isiyo na kina pahala ambapo kwato za punda huchimba. Kwa mwanafunzi, pauni 18 zatosha kwa mchanga mgumu wa kati, na 15 kwa mchanga mlegevu. Asishuke chini ya 12 ila katika dharura ya kujikwamua, kwa sababu tairi lililolegea mno huweza kuchomoka kwenye rimu gari likikata kona. Awe na geji yake mwenyewe, awe na pampu ya kurudishia upepo, na akiisha kuupunguza asizidishe mwendo wa kilomita 40 kwa saa.

Maarifa haya yana historia ambayo yastahili kutajwa. Ofisa mmoja Mwingereza, Ralph Bagnold, aliyezunguka katika jangwa la Libya kwa magari madogo ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, miaka ambayo watu walidhani jangwa hilo halipitiki ila kwa ngamia, aligundua pamoja na wenziwe faida ya kulegeza matairi, na ya kubeba mabamba ya chuma ya kuwekwa chini ya magurudumu. Vita vilipokuja akaanzisha huko Misri, mwaka 1940, kikosi kilichosafiri maelfu ya maili mchangani kwa njia hizo, na mwaka 1941 akatoa kitabu juu ya tabia ya mchanga upeperushwao na upepo ambacho wanachuo wanakisoma mpaka leo. Hata gari la Land Rover, ambalo ndilo lililoizoeza Afrika ya Mashariki habari za magurudumu manne, yasemekana lilichorwa kwanza mchangani, kwa kidole au kwa kijiti, na Maurice Wilks katika pwani ya Anglesey mwaka 1947, kabla ya kuonyeshwa Amsterdam mwaka uliofuata. Na jamaa zetu wa Oman, ambao wengi wao wana nasaba ya Unguja na Mombasa na bado hunena Kiswahili majumbani mwao, wameifanya elimu hii kuwa ya kila siku: afikaye Bidiya, kwenye mlango wa Ramlat al-Wahiba, husimama katika duka la matairi akapunguziwa upepo kabla ya kuingia mchangani, na akitoka hujaziwa tena, na hakuna aonaye jambo hilo kuwa la ajabu. Ningependa kuona siku ambapo vituo vya mafuta vya Malindi vitakuwa na desturi hiyo.

Upepo ukiisha kupunguzwa, kazi ya usukani huwa nyepesi. Dereva afunge gia ya magurudumu manne akiwa bado juu ya ardhi ngumu, wala asingoje mpaka aanze kukwama. Na kama gari lake ni la kizamani, lile ambalo vitovu vya magurudumu ya mbele hufungwa kwa mkono, ashuke akavifunge mwenyewe. Katika mchanga wa tambarare gia nyepesi yafaa, kwa maana hutoa mwendo. Gia nzito ni ya kuondokea pahala palegevu na ya kupandia. Aondoke taratibu katika namba mbili ya gia kubwa, akanyage mafuta kwa mguu usiotetemeka, na ayashike mafuta hayo hivyo hivyo, kwa kuwa mchanga hausamehi mguu wa ghafula, uwe wa kuongeza au wa kupunguza. Akihisi gari linazidi kuwa zito, aongeze kidogo kidogo, huku akiuchezesha usukani kushoto na kulia kwa kiasi cha kiganja ili ubavu wa tairi upate mchanga mpya wa kuushika. Palipo na nyayo za gari lililotangulia, azifuate, maana mchanga wake umekwisha kushindiliwa.

Kusimama ndiko kunakowashinda wengi. Dereva aliyezoea lami hukanyaga breki, na breki mchangani huyafanya magurudumu yajijengee ukuta mbele yake, ambao yatalazimika kuupanda wakati wa kuondoka. Na aachie mafuta tu, gari litasimama lenyewe, na achague kusimama pahala ambapo pua ya gari imeelekea mteremko. Kona azikate kwa upana. Asipite kamwe kwa ubavu juu ya mteremko mkali, kwa maana tairi la chini huzama, la juu huinuka, na gari refu lililopakia mizigo juu ya paa hupinduka kwa sababu ndogo sana. Abiria wafunge mikanda, na asiwepo hata mmoja aliyeketi juu ya boneti au aliyening'inia mlangoni, ijapokuwa mwendo ni mdogo na furaha ni kubwa.

Kukwama kupo, wala si aibu; kinachomtofautisha mjuzi na asiyejua ni yale ayafanyayo katika nukta ya kwanza. Mjuzi huyaondoa mafuta mara moja, kabla magurudumu hayajachimba, akatia gia ya kurudi nyuma, akajaribu kurudi katika nyayo zake alizokuja nazo, ambazo ndizo barabara iliyo tayari. Ikishindikana, ashuke na atazame chini ya gari: kama tumbo lake limelala juu ya mchanga, hakuna mafuta yatakayofaa, mpaka mchanga huo utolewe kwa beleshi, mbele ya kila gurudumu na nyuma yake, kwa mteremko mrefu na si kwa shimo fupi. Apunguze upepo mpaka pauni 12, aweke mbao au makuti chini ya magurudumu, awashushe abiria wote, kisha aondoke taratibu katika gia nzito, wala asisimame tena mpaka afike pahala pagumu. Mambo haya yote huchukua nusu saa kwa mtu aliyekwisha kuyafanya, na ndiyo maana nimesisitiza yafanyiwe mazoezi mbali na maji.

Likihitajiwa gari la pili, hapo yapasa hadhari kuliko mahali popote, kwa sababu mchanga haumwui dereva, lakini kamba humwua. Kamba ifungwe kwenye ndoana au pete iliyoungwa na fremu ya gari; isifungwe kwenye bampa, wala kwenye ile tufe ya kuvutia trela, ambayo haikuundwa kwa nguvu hiyo, na ambayo ikikatika huruka kwa kasi ya risasi. Watu wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, na nguo nzito au gunia liwekwe juu ya kamba katikati ili kamba ikatikapo liiangushe chini. Vijana wa pwani, kwa ukarimu wao, hukimbilia kusukuma huku kamba imekazwa. Dereva ndiye wa kuwazuia, tena kwa sauti ya kutosha.

Baada ya yote hayo, upepo urudishwe matairini kabla ya kushika barabara kuu ya Malindi, maana tairi lililolegea likienda kasi juu ya lami hupata moto na kupasuka. Na siku hiyo hiyo, isiwe kesho yake, gari lioshwe kwa maji matamu kutoka chini: fremu, springi, breki, na kila pembe ambamo mchanga wa chumvi hujificha, kwa kuwa hewa ya Mombasa pekee yatosha kulisha kutu. Lau gari lilipita majini mpaka kimo cha ekseli, fundi afungue mafuta ya difu na ya giaboksi ayatazame. Ekseli zenye moto zikitumbukizwa katika maji baridi huvuta maji ndani, na mafuta yaliyoingiwa na maji hugeuka kuwa meupe na mazito. Yakionekana hivyo, yamwagwe na kubadilishwa kabla ya gari kuanza safari yoyote ndefu.